Shangazi Anapumzika Dakika ya Kumi na Moja

Shule ya Udereva ya Twende Polepole,
Nyuma ya karakana ya maseremala,
Mlango wa bluu.

Kwa Mtahini Mkuu wa Madereva,
Ofisi ya Leseni, ghorofa ya pili.

Ndugu Mtahini Mkuu,

KUHUSU: WANAFUNZI KUMI NA MMOJA WALIOFELISHWA KWA KULIPUMZISHA GARI

Natumaini u mzima, na kwamba feni ya darini ofisini kwako bado inazunguka. Mara ya mwisho nilipokuja kugongewa muhuri ilikuwa ikizunguka kivivu, lakini ilizunguka, na sioni mtu anaweza kuidai feni nini zaidi ya hapo. Nimeitaja mapema kwa sababu barua hii, ukiichuja vizuri, inahusu feni.

Mimi si mtu wa kulialia maofisini. Nilianza maisha kwa ndoo moja na kitambaa kimoja, nikiosha magari ya watu kando ya kituo cha mafuta. Niliosha magari elfu nne mia mbili na kumi na sita kabla ya kupata la kwangu. Idadi naijua kwa sababu nilikuwa nikichora mstari ukutani kwa kila gari, mpaka mwenye ukuta akaja juu. Gari nililolipata lilikuwa limekwisha kula chumvi nyingi. Aliyekuwa nalo ni mpimaji ardhi aliyekaa nje ya mji, mtu wa barabara kuu na mwendo wa kasi, na aliniapia kwamba halijawahi kumsumbua hata siku moja. Namwamini mpaka leo. Gari hilo tunaliita Shangazi, kwa kuwa akisema jambo hakuna wa kumjibu.

Sikufundishwa kuendesha na mtu. Nilijifundisha mwenyewe ndani ya Shangazi, polepole, nikizunguka soko. Siku ya kwanza, dakika ya kumi na moja kwa saa yangu ya mkononi, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye alama nyekundu na mvuke ukatoka kwenye boneti. Nilidhani nimekosea gia. Siku ya pili, dakika ya kumi na moja, mvuke. Siku ya tatu hivyo hivyo. Mtu mwenye kichwa cha hesabu akiona jambo limejirudia mara tatu kwa dakika ile ile haliiti hitilafu. Analiita kanuni.

Nilipofungua shule, miaka tisa iliyopita, kanuni hiyo niliiweka kwenye mtaala kama Somo la Nne. Mwanafunzi wangu anajua kwamba dakika ya nane, mshale unapoanza kuinuka, anawasha hita mpaka mwisho na kushusha vioo vyote, ili joto litoke kwenye injini liingie kwa abiria, ambao wana uvumilivu zaidi. Dakika ya kumi na moja anawasha indiketa, anasogea pembeni, anavuta handbreki na kufungua boneti. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi kamwe ukiwa moto, hilo tunalisisitiza na hakuna aliyewahi kuungua. Anachofanya ni kuimwagia rejeta maji kwa mbele, jagi la lita mbili, na kusubiri dakika saba. Kumi na moja ukijumlisha saba ni kumi na nane. Mara tatu ni hamsini na nne. Saa moja ya somo inabakiwa na dakika sita, ambazo ni za maswali. Sijui kama kuna shule nyingine iliyopanga muda wake kwa uangalifu kama huo.

Kwa miaka minane hatukuwa na ugomvi na ofisi yako, kwa sababu mtihani ulikuwa wa dakika nane, ndani ya uwanja wenu, kuzunguka mapipa. Hata mimi leseni yangu niliipata kwa mapipa yale yale na sikugusa hata moja. Mwaka huu ndipo mlipoleta magari yenu mapya, mkatoa mtihani uwanjani mkaupeleka barabarani, na mkaufanya wa dakika ishirini na tano. Awamu ya kwanza nilileta wanafunzi sita, akafaulu mmoja. Awamu ya pili nilileta wanane, wakafaulu wawili. Na sasa nina barua yako inayosema kwamba shule itakayofaulisha chini ya nusu kwa awamu tatu mfululizo itafutwa kwenye daftari. Awamu ya tatu ni tarehe ishirini na nane mwezi huu. Ikienda kama mbili zilizopita, mlango wa bluu unafungwa nami narudi kwenye ndoo, na kwa umri wangu mgongo hauinami tena kama zamani. Kwa hiyo maji yamenifika shingoni, na ndiyo maana nimekaa kitako kukuandikia. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mkunga wa zahanati ni mwanafunzi wangu bora tangu nifungue shule. Anabadilisha gia kama mtu anayegeuza mtoto usingizini. Zahanati imemwekea gari la kuwafikia wajawazito wanaokaa mbali, kwa sharti kwamba awe na leseni kabla mwezi haujaisha. Kwa sasa anakwenda kwa miguu, mkoba begani, au nyuma ya baiskeli ya yeyote atakayesimama. Siku ya mtihani aliendesha gari lenu bila kosa mpaka dakika ya kumi na moja, akasogea pembeni kwa adabu zote na kufungua boneti. Alikuwa na Mtahini wa Tatu, yule mwenye miwani ya kamba. Mazungumzo yao nimeyapata kwa Mkunga mwenyewe, naye si mtu wa kutia chumvi.

"Mama, gari limekuzimikia?"

"Hapana, baba. Linapumzika."

"Limechoka na nini?"

"Limekwenda dakika kumi na moja. Mimi kazini kwangu nimeshawaona wanaolazimishwa wakiwa wamechoka. Tuliachie dakika zake saba."

Mtahini wa Tatu akaandika kwenye fomu: "Amesimamisha gari bila sababu yoyote." Ndugu Mtahini Mkuu, sababu alipewa. Aliisikia kwa masikio yake mawili.

2. Kijana tunayemwita Bwana Harusi, kwa sababu haachi suti hata akienda kununua sabuni, aliwasha hita dakika ya nane kama alivyofundishwa. Jua lilikuwa la saa saba mchana. Mtahini wa Tatu akamwambia azime. Bwana Harusi akamjibu kwa heshima kwamba hawezi kwenda kinyume cha mwalimu wake, akashusha vioo vyote vinne, na fomu za watahiniwa watatu zikapeperuka zikaishia kwenye uzio wa shule ya chekechea. Nakiri fomu ziliokotwa na kwamba moja ilikuwa imechorwa ng'ombe. Lakini sikiliza hesabu hii. Kwa maelezo ya pande zote mbili, mtahini alivua koti dakika ya tisa na tai dakika ya kumi. Dakika ya kumi na moja alifungua mlango akashuka mwenyewe, akajipepea na ubao wake wa kuandikia. Nauliza, basi, aliyesimamisha mtihani ni nani?

3. Mwalimu Mstaafu, miaka sitini na saba, amefundisha hesabu maisha yake yote na sasa anataka leseni ili aache kuombaomba lifti kwa watu aliowachapa. Yeye alikuja na jagi lake mwenyewe kutoka nyumbani, kwa kuwa alihofia ofisi haina. Alilimwagia gari lenu lita mbili kwa mbele. Analalamikiwa kwamba alimlowesha mtahini viatu. Haisemwi kwamba kabla ya kumwaga alikunja leso mkononi, akashika kwa upole bomba la juu la rejeta, akaona liko kawaida, akatoa daftari na kuandika saa na neno "anaendelea vizuri". Ni mtahiniwa yupi mwingine aliyewahi kuyajali magari yenu kiasi hicho? Ofisini kwenu anaitwa "yule mzee wa jagi". Kwetu anaitwa Mwalimu, nasi tungependa ninyi pia mumwite hivyo.

4. Hili ndilo lililoninyima raha kuliko yote. Nilikaa na orodha ya wanafunzi wote kumi na wanne, nikatafuta kinachowaunganisha wale watatu waliofaulu. Si umri, si akili, wala si idadi ya masomo. Mmoja wao ni fundi viatu ambaye mpaka leo huchanganya klachi na breki, namwambia hata usoni. Kinachowaunganisha ni mvua. Wote watatu walifanya mtihani huku inanyesha. Shangazi kukiwa na mvua hachemki, maji ya Mungu yanampata kwa mbele bila jagi, kwa hiyo mwanafunzi wangu amefundishwa kwamba mvua ikinyesha hakuna kusimama. Waliofanya mtihani kwenye jua ni kumi na mmoja, wakafaulu sifuri. Waliofanya kwenye mvua ni watatu, wakafaulu watatu. Ofisi ya umma inayotoa leseni kwa kufuata mawingu inapaswa kujitazama.

5. Sasa nafika kwenye karatasi iliyoambatishwa na matokeo ya awamu ya pili, isemayo: "Mwenye shule ashauriwe kupeleka gari lake kwa fundi, klachi ya feni ikaguliwe." Maneno haya hayakutoka kwenye kalamu ya mtahini wako. Mtahini wako hajawahi kuchungulia chini ya boneti ya Shangazi. Yametoka kwa shemeji yangu.

Shemeji yangu ni mdogo wake mke wangu, fundi magari, karakana yake iko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nimegundua kwamba Mtahini wa Tatu hupeleka gari lake hapo. Sisemi kuna njama. Nasema wamekaa kwenye benchi moja wakinywa chai, na jina langu likatajwa.

Ili uone ninavyoonewa, nieleze anachodai. Anasema feni ya Shangazi, ile inayokaa nyuma ya rejeta ikivuta upepo, haikufungwa moja kwa moja kwenye injini. Katikati kuna kidude cha mviringo kama mkate wa bati, ndicho hiyo klachi, na ndani yake mna mafuta mazito kama asali. Injini ikiwa baridi, mafuta hayo yanakaa pembeni na feni inajizungukia kivyake. Injini ikipata moto, kispringi kilichoko mbele kinasikia joto, kinafungua njia, mafuta yanajaa katikati na kuikamata feni ili izunguke kwa nguvu. Mafuta yakivuja yakaisha, anasema, hakuna cha kuikamata. Ukiwa barabara kuu hutajua, kwa sababu upepo wa mwendo unapoza rejeta. Ukitambaa kilomita ishirini kwa saa kuzunguka soko na mwanafunzi, utachemsha. Anasema mpimaji ardhi hakunidanganya, ila alikuwa anakimbia.

Ni maelezo mazuri, na kama ningekuwa mtu wa kudanganyika ningedanganyika. Lakini mimi ni mtu wa ushahidi. Siku moja alinisimamisha nikitoka sokoni, Shangazi amechemka, akazima injini na kuchomoa funguo.

"Shemeji, weka kidole uisukume feni."

Nikasukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka, nami nikahesabu kwa sauti.

"Tisa," nikasema, na sikuficha fahari.

"Tisa," akasema yeye, kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. "Ikiwa moto hivi haitakiwi imalize hata mzunguko mmoja."

Ndugu Mtahini Mkuu, hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu. Kitu kinachozunguka mara tisa kwa kidole kimoja ni kibovu, na kitu kinachogoma kuzunguka ni kizima. Nilimwambia, shemeji, unataka unitolee feni nyepesi, uniwekee nzito, halafu uite ukarabati. Akajikuna kichwa akasema, "Basi tuifungue uone ilivyo kavu." Akachukua spana, akaizungusha kuelekea upande ule ambao dunia nzima hukazia. Nikamwambia unakaza. Akasema nati ya gari hili imechongwa kinyume, kukaza kwake ndiko kulegeza. Hapo nilimnyang'anya spana. Mtu anaweza kuvumilia feni nzito. Hawezi kuvumilia feni nzito na nati ya kinyume kwa asubuhi moja.

Na hakuishia hapo. Alisema kwamba ikishatolewa isilazwe chali mezani, isimamishwe vile vile ilivyokaa garini, kwa kuwa ikilala mafuta yanahama na kuvuja. Nimeona wagonjwa wengi wakilazwa. Sijaona hata mmoja aliyekatazwa kulala ili apone.

Miaka sita ananiomba asubuhi moja tu ya kulihudumia. Mke wangu, ambaye nilitarajia awe upande wangu, kazi yake ni kupita na beseni la nguo akisema, "Mpe ndugu yangu hiyo asubuhi." Asubuhi moja ni saa nne. Saa nne ni wanafunzi wanne, mapumziko kumi na mawili, majagi kumi na mawili ya maji. Hakuna shule inayoweza kusimamisha masomo kiasi hicho kwa ajili ya asali.

6. Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye mojawapo ya mambo yafuatayo, kwa mpangilio wa urahisi.

Kwanza, mtihani uishe dakika ya kumi. Hamtapoteza kitu. Mtu asiyejua kuendesha huonekana dakika ya pili.

Ikishindikana, pumziko la dakika ya kumi na moja litambuliwe rasmi na liwekewe alama yake barabarani, pembetatu yenye jagi ndani. Mchoro nimeuambatisha. Mwendo wa kilomita ishirini kwa saa kwa dakika kumi na moja ni kilomita tatu na mita mia sita sitini na sita. Kwa hiyo kila baada ya umbali huo kuwe na bomba la maji na kivuli cha kumtosha dereva na watahini wawili.

Na kama ofisi inataka kuacha jina, basi kanuni hii iwe ya magari yote, mapya na makuukuu. Najua kuna madereva wanaopita bila kupumzika. Tunawaona. Sisi tumesimama pembeni na jagi letu, wao wanapita wanapiga honi na kutucheka. Lakini gari lililosimama halijawahi kumgonga mtu. Kila gari likipumzika dakika saba katika kila dakika kumi na nane, barabara itakuwa imetulia karibu asilimia thelathini na tisa ya muda wote, na ajali zitapungua kwa asilimia hiyo hiyo. Mkiongeza pumziko liwe dakika kumi na nane kati ya kumi na nane, ajali zitakwisha kabisa. Hilo la mwisho silidai. Mimi si mtu wa kupindukia.

Wakati mnalitafakari, naomba matokeo ya wale kumi na mmoja yabadilishwe wahesabiwe wamefaulu, kuanzia Mkunga, kwa kuwa wajawazito wake hawana muda wa kungoja vikao. Hilo likifanyika, shule yangu itakuwa imefaulisha kumi na wanne kati ya kumi na wanne, na tarehe ishirini na nane tutakutana kama marafiki.

Nisalimie makarani wote wa ghorofa ya pili, hasa yule mama wa muhuri anayepuliza wino ukauke kabla ya kunikabidhi karatasi. Nisalimie mlinzi wa lango, ambaye humwachia Shangazi kivuli chake. Msalimie Mtahini wa Tatu pia na umwambie sina kinyongo naye, na kwamba tai yake aliyoivua ilibaki mikononi mwa Bwana Harusi, imefuliwa na imenyooshwa. Salamu kwa familia yako yote, na kwa yeyote atakayeisoma barua hii kabla ya kukufikia.

Ni mimi wako katika utii wa sheria za barabarani,

Mwenye shule, mwalimu mkuu na mwalimu pekee,
Shule ya Udereva ya Twende Polepole.

Nyongeza, siku tatu baadaye:

Ndugu Mtahini Mkuu, ningeichana barua hii, ila nimeiandika kwa saa tano na robo na mwandiko umetoka vizuri. Nakuomba uisome, kisha usome na haya, kisha ufuate haya.

Siku ile ya kuiandika, ili nisisumbuliwe katika hesabu zangu, nilijifungia chumbani tangu baada ya chai ya asubuhi. Nilipotoka, Shangazi hakuwa uani. Mke wangu alikuwa amempelekea ndugu yake funguo pamoja na maneno haya, niliyoambiwa na wote wawili: "Leo anaandika barua. Una mpaka saa nane."

Nilipofika karakanani shemeji alikuwa amekwisha kuitoa ile klachi. Imesimamishwa wima kwenye ndoo ya mchanga, kama mgeni aliyekataa kiti. Ndoo niliitambua. Ni ile yangu ya kuoshea magari. Ndani alikuta pakavu, tone la mafuta lililobaki halifiki hata kulowesha kucha. Akaijaza mafuta mapya mazito ya silikoni kutoka kwenye kichupa kidogo, akairudisha mahali pake na kuifunga kwa nati yake ya kinyume, huku akinitazama niseme neno. Mimi nikatazama ndoo yangu.

Akawasha injini mpaka ikapata moto, kisha akazima na kuniambia niweke kidole. Nikasukuma. Feni ikajivuta, ikafika nusu ya mzunguko, ikagoma. Sikufichi, iliniuma. Kilichokuwa tisa kimekuwa nusu.

Tukatoka naye kwenda kuzunguka soko kwa kilomita ishirini kwa saa, mimi kwenye usukani, shemeji pembeni yangu, na Mkunga kiti cha nyuma, kwa sababu somo lake lilikuwa saa tisa na nilikuwa sijamwambia kwamba siku hiyo hakuna. Jua lilikuwa kali. Mshale ulipopanda kidogo nilisikia mbele ya injini mvumo wa upepo ambao katika miaka yangu yote na Shangazi sijawahi kuusikia. Shemeji akainua kidole kimoja na kusema, "Ndiyo hiyo imeshika." Mshale ukarudi katikati. Ukakaa hapo. Dakika ya nane ulikuwa katikati. Dakika ya kumi ulikuwa katikati.

Dakika ya kumi na moja niliwasha indiketa, nikasogea pembeni, nikavuta handbreki, nikashuka na kufungua boneti.

Nilikuwa nimesimama mbele ya gari zima, jagi mkononi, ndipo nilipotanabahi. Mkunga naye alikuwa ameshashuka upande wa pili akininyooshea kitambaa. Tukatazamana. Injini ilikuwa inanguruma taratibu bila chembe ya mvuke. Muuza nyanya wa jirani, ambaye ametuona tukisimama hapo kwa miaka tisa, akasogeza beseni lake kando ili tusimloweshe kama kawaida. Hata yeye tumemfundisha.

Shemeji alitoa kichwa dirishani. Hakucheka, na hilo nitamkumbukia.

"Shemeji," akasema, "hivi wewe kuendesha ulifundishwa na nani?"

Nikamwangalia Shangazi. Kisha nikamwonyesha kwa jagi: ni huyu.

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza, la pili, la tatu, la tano na la sita. Mchoro wa pembetatu na jagi naomba unirudishie. Lalamiko la nne, la mvua, nalibakiza, lakini naligeuza liwe dhidi yangu, na wale watatu mliowapa leseni nimewaita waje kurudia Somo la Nne, ambalo sasa linaitwa Kutokusimama. Mkunga ameshalianza. Jana alifika dakika ya kumi na tisa kabla mkono haujaenda kwenye indiketa, na amenihakikishia kwamba mpaka tarehe ishirini na nane atakuwa ameshinda. Akishinda yeye, wengine wanamfuata.

Ninachoomba ni nafasi kumi na mbili za mtihani siku hiyo, wa dakika ishirini na tano, barabarani, kwa magari yenu. Kumi na moja ni za wanafunzi wangu, na majina yao mnayo. Ya kumi na mbili ni yangu mimi, kwa kuwa nimepekua leseni yangu nikakumbuka kwamba sijawahi kupimwa na mtu zaidi ya dakika nane. Nikifeli, mnajua mlango wa bluu ulipo.

Nakuomba pia utuwekee Mtahini wa Tatu, na koti lake avae bila wasiwasi. Na kama ofisi yako ina njia yoyote ya kulipanga jambo hili, sote kumi na wawili tunaomba siku ya jua.